Zamu ya Nchi ya Ng'ambo

Nchi ya ng'ambo ilipofikiwa na zamu yake kwenye kipindi, mpaka ulikuwa umefungwa, simu za kuvuka mto zilikuwa zimekatwa, na mtoto wa mtangazaji mwenyewe alikuwa amekwama huko huko ng'ambo.

Mtangazaji huyo wasikilizaji walimjua kama Mzee Ramani. Jina alilipata darasani, enzi alipokuwa mwalimu wa jiografia, kwa sababu aliweza kulichora bara zima ubaoni kwa chaki bila kutupia jicho kitabu. Alipohamia redioni jina likamfuata. Kila Jumamosi asubuhi aliichukua nchi moja ya bara na kuieleza: watu gani wanaishi humo na wanaongea nini, mito yake inatoka wapi na kuishia wapi, nani alitawala kabla ya nani, na siku hizi wanagombania nini bungeni. Alifuata alfabeti, asije balozi yeyote akalalamika kwamba nchi yake imerukwa. Akifika mwisho alirudi mwanzo, maana serikali hubadilika na miji hukua, na yeye alikuwa mtu anayependa kusahihisha.

Ugomvi wa nchi hizo mbili ulikuwa wa mto. Wakoloni walipogawana sehemu ile waliandika kwamba mpaka utapita katikati ya mkondo mkubwa, wakatia saini, wakaenda zao. Miaka ikapita, mafuriko makubwa yakaja, na mkondo mkubwa ukahamia upande wa pili wa kisiwa kimoja cha mchanga na majani. Wafugaji wa kingo zote mbili waliendelea kulisha humo, wakigombana kidogo na kupatana, kama watu wa nyumba moja. Halafu upande mmoja ukajenga kibanda cha askari, upande wa pili ukaja kukibomoa, risasi zikalia, wakaumia watu huku na huku. Kila serikali ikaapa kwamba haitatoa hata kiganja cha mchanga. Daraja likafungwa kwa minyororo.

Mtoto wa Mzee Ramani alikuwa dereva wa lori. Siku ile alikuwa ameshavuka na shehena ya mbolea. Mara ya mwisho alipopiga simu alisema lori ameliegesha kwenye ghala la tajiri wake na kwamba yeye anakwenda kukaa kwa wakwe zake mpaka mambo yatulie. Alitaka kusema kitu kingine, laini ikakatika, na ikawa ndiyo basi.

Wakwe zake walikuwa huko kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa huko. Alipoolewa alikuja moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Ramani, kwa kuwa mume safari zake ni za majuma kwa majuma na hakutaka mkewe akae peke yake kwenye chumba cha kupanga. Alikuwa msichana mpole wa maneno lakini mjanja wa hesabu, akafanya kazi kwenye duka la dawa mtaani, na wateja walimpenda kwa sababu hakuwahi kumpa mtu dawa bila kumweleza. Juma lile la risasi, mwenye duka alimwita pembeni akamwambia kwa upole apumzike kidogo mpaka hali ipoe. Alisema ni kwa ajili ya mimba yake. Mimba ilikuwa kubwa kweli, lakini siku iliyotangulia haikuwa imemsumbua mwenye duka hata kidogo.

Basi akawa anashinda nyumbani, mguu juu ya kigoda, akisikiliza taarifa ya habari kila inaposomwa. Majirani wengi hawakubadilika. Wachache walianza kumsalimia kwa kichwa tu, na mmoja aliuliza kwa sauti ya kusikika kama siku hizi ni salama kuishi nyumba moja na watu wa kule. Mama mkwe wake alimsikia. Huyu alikuwa mpishi wa shule ya bweni hadi alipostaafu, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na kelele za masufuria. Alimjibu jirani yule kwa kifupi, na jirani hakurudia kuuliza.

Lakini akiwa peke yake na mumewe, mama huyo alikuwa na lake lililomkaa moyoni. Alimwambia kwamba kila akimpakulia mkwe chakula, anajiuliza yule mwanamke mwenzake kule ng'ambo anampakulia nini mtoto wake. Kila akimfunika shuka anajiuliza wa kwake kafunikwa na nani.

"Wao wana wangu, mimi nina wao," alisema. "Sasa mimi nikimnunia huyu, si ndiyo najinunia mwenyewe?"

 Mzee Ramani aliona mkewe ameusema mgogoro mzima vizuri kuliko magazeti.

Jumatatu ya juma ambalo zamu ya ng'ambo ilifika, mkurugenzi wa kituo alimwita ofisini. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto shuleni na mkataba uliokuwa unakaribia kwisha, na watu wa namna hiyo huishi wakiangalia mlango. Alianza kwa kuulizia afya ya mkwe, akasifia kipindi, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe: nchi ya Jumamosi hii irukwe. Iendwe inayofuata. Wasikilizaji hawatagundua.

Mzee Ramani alimwambia kwamba wasikilizaji wanaomwandikia barua akikosea urefu wa mlima, hao hao watagundua nchi nzima ikikosekana. Akaeleza kuwa hajawahi kuruka nchi yoyote, hata ile iliyopinduliwa serikali asubuhi ya kipindi, akalazimika kufuta jina la rais kwa kalamu akiwa ameshakaa mbele ya maikrofoni. Walibishana kwa heshima mpaka chai ikapoa. Mwishowe mkurugenzi akalegea nusu. Kipindi kiende, lakini kiwe cha mito na milima na watu, siasa aipitie juu juu, na kila neno aliandike kabla, alilete, alisome yeye mwenyewe. Mzee Ramani akakubali. Alitoka pale akiona ameshinda.

Siku mbili zilizofuata alikaa mezani nyumbani akiandika, na mkwe wake akimsaidia. Alimuuliza juu ya miji ambayo yeye aliijua kwa vitabu tu. Mkwe alimweleza jinsi mji wao ulivyojengwa kwenye mteremko, nyumba za juu zikitazama mapaa ya nyumba za chini, na kwamba ukitaka kujua habari za jirani huna haja ya kumtembelea. Alimsahihisha matamshi ya jina la waziri mkuu wao wa kwanza, ambalo mzee alikuwa akilitamka vibaya hewani tangu aanze kazi. Mzee alishika kichwa. Mkwe akacheka, na mama mkwe akiwa jikoni akaweka mwiko chini kusikiliza kicheko hicho, maana kilikuwa kimepotea.

Alhamisi asubuhi uchungu ulimshika.

Hapo ndipo penye jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa inalikwepa kulitaja. Kabla mume hajasafiri, daktari alikuwa amewaambia wote wawili kwamba mtoto amelala vibaya, amekaa kwa ubavu. Huenda angegeuka mwenyewe, huenda asigeuke, na asipogeuka na uchungu ukaanza mbali na hospitali, mama na mtoto wanaweza kupotea wote wawili. Mume aliondoka na maneno hayo kichwani. Alikuwa ameomba udhuru kazini akanyimwa, akapanga kwenda na kurudi haraka, na daraja likafungwa nyuma yake.

Teksi ilikuja upesi. Pale hospitali karani wa mapokezi alimuuliza mgonjwa uraia wake, akainua macho aliposikia jibu, kalamu ikasimama. Mama mkwe alisogea mbele. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

"Ni mtoto wangu," alisema. "Kama kuna mahali pa kuandika, andika hivyo. Halafu mlete kitanda."

Karani alimtazama, akatazama tumbo la yule msichana, akapiga kelele kiti cha magurudumu kiletwe. Mtoto hakuwa amegeuka. Wakampeleka kupasuliwa.

Mzee Ramani na mkewe walikaa kwenye benchi la mbao kwenye ukumbi mwembamba wenye harufu ya dawa ya kudekia.  Mama alikuwa akifungua na kufunga pini ya kitenge. Mzee alijaribu kuwaza mto, chanzo chake, vijito vyake, akakuta haoni kitu.

Daktari alipotoka alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya koti. Alisema wazima, mtoto wa kike. Mama akamuuliza wazima maana yake nani na nani. Daktari akasema mama mzima na mtoto mzima. Mama akamtaka aseme tena. Daktari, ambaye bila shaka alikuwa na mama wa aina hiyo kwao, alirudia taratibu bila kukasirika. Ndipo yule mpishi wa shule ya bweni akajishika kiuno, akainama, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Mzee alimshukuru daktari akiwa bado amekaa.

Jioni waliruhusiwa kumwona. Mkwe alikuwa amechoka hadi midomo, mtoto amefungwa vizuri kando yake, uso umekunjamana kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Walizungumza vitu vidogo vidogo. Kisha mkwe akamtazama mzee.

"Baba," alisema, "mume wangu anachojua ni kwamba mtoto amelala vibaya. Hana habari nyingine tena. Kila siku itakayopita atakuwa ananizika."

Mzee Ramani alikwenda nyumbani na maneno hayo. Mkewe alimwachia avue viatu kwanza, halafu akamwambia kwamba yeye haelewi mtu anawezaje kulalamika kuwa hakuna njia ya kuvuka mto wakati kila Jumamosi yeye anavuka bila pasipoti. Redio yao ilisikika ng'ambo vizuri kuliko hapa mjini penyewe, kila mtu alilijua hilo. Na kijana hakosi kipindi cha baba yake. Hata akiwa barabarani huegesha lori asikilize, kisha hupiga simu kubisha.

Mzee alijua kwamba hilo lingekuja, na alikuwa ameshaanza kuogopa tangu hospitali. Katika maisha yake yote ya redio hakuwahi kutumia maikrofoni kwa shughuli yake binafsi. Mama yake mzazi alikufa akimnung'unikia kwamba hajawahi hata kumsalimia hewani. Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Juma lililopita mvuvi mmoja alikuwa amekamatwa mtoni kwa kuwasha tochi, wakasema anatoa ishara. Mtangazaji atakayetuma ujumbe ng'ambo kwa mafumbo angeelezea nini mbele ya polisi?

"Basi usifumbe," mkewe alisema. "Sema waziwazi. Kusema mtu kazaa ni siri ya jeshi?"

Alikaa na jambo hilo hadi chakula kikapoa. Kadiri alivyoligeuza ndivyo alivyoona mkewe ana haki. Fumbo lingetafsiriwa na kila mtu atakavyo. Neno lililonyooka halina tafsiri. Akachukua karatasi zake, akatafuta sehemu ya watu na jamii, akaandika humo sentensi chache, akazisoma kimoyomoyo mpaka sauti ya kichwani ikaacha kutetemeka.

Ijumaa mkurugenzi aliisoma hati yote akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Alikata mstari mmoja juu ya uchaguzi wa ng'ambo. Alisita kwenye historia, mahali palipoeleza kwamba wapigania uhuru wa nchi yetu walijificha kule, wakalishwa na kuvishwa na watu wa kule, akauliza kama hilo ni la lazima. Mzee alimwambia liko kwenye kitabu cha darasa la sita, kimepitishwa na wizara. Mkurugenzi akaendelea. Alipofika kwenye zile sentensi kalamu ilishuka ikagusa karatasi, ikabaki pale.

"Na hii?"

"Hiyo ni jamii," alisema Mzee Ramani. "Kipengele cha jamii."

Mkurugenzi alisoma tena. Alivua miwani, akaegemea kiti, akauliza mtoto ana uzito gani. Mzee akamwambia. Mkurugenzi akasema ni uzito mzuri, wa kwake wa kwanza hakufikia hapo. Kisha akainua kalamu bila kukata kitu.

"Ukiitwa," alisema, "utaitwa peke yako. Mimi nitasema niliisoma haraka."

"Sawa kabisa."

"Na nimeisoma haraka kweli."

Jumamosi fundi mitambo, mama mmoja mnene aliyekuwa amerusha vipindi vyote vya Mzee Ramani tangu mwanzo, alimwonyesha kidole kupitia kioo, na taa nyekundu ikawaka. Mzee alianza kwenye miinuko ambako mto unazaliwa. Aliushusha polepole, akautaja kila mji unaokunywa maji yake. Alieleza kwamba watu wa ukingo wa huku na wa ukingo wa kule wanaitana kwa majina tofauti, lakini wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani, na kwamba bibi zao huwabembeleza watoto kwa wimbo mmoja na kila upande hudai ni wao walioutunga. Alieleza falme mbili za zamani zilizooana mara nyingi kuliko zilivyopigana. Alieleza wageni walioandika mkondo mkubwa kwenye mkataba bila kujua kwamba mikondo huhama. Jina la waziri mkuu wa kwanza alilitamka sawasawa, kwa mara ya kwanza.

Kisha akafika pale.

"Familia nyingi za nchi zetu mbili zina mguu mmoja huku na mwingine kule," alisema. "Yangu ni mojawapo. Mwanangu wa kiume yuko ng'ambo, kwa wakwe zake. Mkewe yuko kwangu. Amejifungua Alhamisi kwa kupasuliwa, mtoto wa kike, na wote wawili ni wazima kabisa. Wakwe zangu mnaonisikia, ahsanteni kwa kumtunza kijana wetu. Binti yenu tunaye, na sasa mna mjukuu."

Akageuza ukurasa, akaendelea na mazao ya biashara. Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa ameshika leso machoni, na baadaye alijitetea kwamba ni vumbi la mashine.

 Baada ya hapo waliopiga simu kituoni walikuwa wa kila aina. Wengine walimpongeza babu mpya, mmoja alimwita msaliti akakata kabla hajajibiwa, mwingine alitaka tu kubishana juu ya wimbo wa kubembeleza. Kutoka ng'ambo hakukuwa na dalili yoyote, na ingetoka wapi? Mkwe alirudi nyumbani na mtoto, akatembea akiwa amejishika tumbo, na hakuuliza kitu. Kutouliza kwake kulimuuma mzee kuliko kama angeuliza.

Jumatano ikaja simu kutoka wizarani. Mzee Ramani afike kesho yake asubuhi.

Mkewe alimfungia sweta, mswaki na dawa zake za presha kwenye mfuko. Mzee alimuuliza kama anadhani wizara ina vitanda. Mkewe akamjibu kwamba wizara haina, ila inakopeleka watu huko ndiko kwenye baridi. Hakuwa anatania sana. Alimsindikiza mpaka barabarani akarudi haraka bila kugeuka.

Afisa aliyempokea alikuwa mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na macho ya mtu asiyelala. Alikuwa mmoja wa waliotumwa kwenye mazungumzo na upande wa pili, mazungumzo ambayo hayakuwa yametangazwa. Aliutazama mfuko kwenye mapaja ya mzee, akaona mswaki ukichungulia, akaonekana kuelewa.

Alimweleza kwamba wamekaa na wale wa ng'ambo siku kadhaa bila kupiga hatua. Kila upande ulitaka kutoka kwenye ugomvi, lakini hakuna aliyetaka kuonekana ametangulia. Halafu Jumatatu, kabla kikao hakijaanza, mkuu wa ujumbe wa kule alivuta kiti akauliza mjukuu wa yule mzee wa redio anaendeleaje. Upande wa huku hawakujua wajibu nini, maana hata hawakuwa wamesikiliza kipindi. Walikwenda kukitafuta. Na sasa redio ya ng'ambo ilikuwa imeomba rasmi ruhusa ya kukirudia kipindi kizima, bila kukata neno.

"Ndicho kitu cha kwanza walichotuomba kwa adabu tangu tuanze," afisa alisema. "Na ndicho cha kwanza tulichoweza kuwapa bila mtu wetu kupiga meza. Nimekuita nipate idhini yako. Huo mswaki urudi nao nyumbani."

Mzee Ramani alitoa idhini. Akaomba maji ya kunywa. Akanywa glasi nzima, akaomba nyingine.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa amekaa kibarazani akijifanya anachambua nafaka ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Alimwona, akaona mfuko, akarudisha macho kwenye ungo. Alisema tu kwamba amechelewa na chai imekwisha. Kisha akaingia ndani kuipika, na mzee akasikia akipiga makopo jikoni kwa furaha.

Redio ya ng'ambo nayo ilikuwa na mtangazaji wake wa mambo ya bara, mwanamke ambaye pande zote mbili walimwita Bibi Kokoto kwa sababu sauti yake ilikwaruza. Mzee Ramani alikuwa akimsikiliza miaka yote na kumwonea wivu kidogo, ingawa hawakuwahi kukutana. Jumapili mchana Bibi Kokoto alirudisha kipindi cha Mzee Ramani chote, na nyumba nzima ilikusanyika sebuleni kukisikiliza kikirudi kutoka upande wa pili. Mzee alijisikia akikosea urefu wa bonde moja na akaguna. Mkwe alikuwa kwenye kochi akinyonyesha.

Kipindi kilipokwisha, Bibi Kokoto akakohoa.

"Sasa niseme na mwenzangu wa ng'ambo," alisema. "Kijana wako yuko hapa kwetu, kwa wakwe zake, mtaa wa mteremkoni. Nimekwenda mwenyewe kumwona. Ni mzima. Jumamosi ile ya kipindi alikuwa ameketi uani na redio ya baba mkwe wake. Aliposikia, alishuka kitini akaketi mchangani akalia, wakamwacha alie. Alipomaliza akaomba chakula, na wanasema tangu alipofika ndiyo mara ya kwanza kuomba mwenyewe. Anamwambia mkewe: nimesikia. Mama mkwe wake anasema mtoto asiogeshwe maji baridi. Hayo ndiyo niliyotumwa. Bonde ulilolitaja, Mzee Ramani, ni refu kuliko ulivyosema."

Mkwe alifunika uso kwa kiganja kilichokuwa huru. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mtoto akatikisika naye, akaachia ziwa, akalalamika. Mama mkwe alimchukua mtoto, akamweka begani, na kwa mkono mwingine akamvuta mkwe kichwa kikaegemea kiunoni mwake. Mzee alikuwa akiangalia redio kama vile kuna mtu ndani yake anayestahili kupeana naye mkono. Mkewe ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Maji baridi," alisema. "Yeye anadhani mimi nimeanza leo?"

Mkwe alicheka akiwa bado analia, na hapo wote wakacheka, mpaka mtoto akanyamaza kwa mshangao.

Mapatano yalichukua muda wake. Kisiwa waliachiwa wafugaji wa pande zote mbili walishe kama zamani mpaka wapima ardhi watakapokubaliana kuhusu mkondo, na mpaka leo hawajakubaliana. Mwenye duka la dawa alimwita mkwe arudi kazini. Mkwe akamwambia atafikiria, akachukua muda mrefu kufikiria kwa makusudi. Daraja lilifunguliwa kwa familia kwanza, malori baadaye.

Siku ya kwanza walikwenda darajani wote. Watu walikuwa wengi, wamesimama juani wakinyoosha shingo. Kijana alitokea akitembea harakaharaka huku akijizuia kukimbia, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani akihangaika kumfikia. Yule alikuwa mama wa mkwe. Alikuwa ameapa kwamba hatangoja siku ya pili.

Wanawake wawili walipokutana hawakusalimiana kwanza. Kila mmoja alimshika mtoto wake, akamzungusha, akamtazama mgongo na uso, kama mtu anayerudishiwa sufuria lake la kuazimwa na anataka kujua kama lina tundu. Walipojiridhisha ndipo wakageukiana. Mama wa mkwe alitaka kusema kitu cha heshima alichokuwa amekipanga njiani, kikamkwama, na yule mpishi akamkumbatia kabla hajakipata.

Kijana alikuwa amesimama na mikono imenyooshwa, mtoto akiwa juu yake, hajui amshike wapi. Mkewe alimwelekeza kiwiko, kichwa, shingo. Alikuwa akimtazama mkewe zaidi ya mtoto, akimgusa shavu kwa upande wa kidole, kama anayehakikisha.

Mzee Ramani alibaki kando, mikono nyuma, akiutazama mto ukipita chini ya daraja. Mkewe alikuja akasimama naye.

"Leo huna historia ya kutueleza?" alimuuliza.

"Sina," alisema. "Twende nyumbani, mtoto anapigwa na jua."